Kuamka alfajiri au kukesha, mama wa nyumbani Kampala achague lipi?

Mi kura yangu naipa alfajiri. Saa kumi na moja nyumba imelala, unajaza madumu ya lita 20, unafua, na msimu wa mvua wa Machi mpaka Mei ukianika mapema nguo zinapata jua kidogo kabla wingu halijafunga. Maharage yako kwenye sigiri, lile jiko la makaa, yanachemka yenyewe huku unakoroga uji wa watoto, yakiiva makaa yaleyale yanapokea matoke, umeyafunga vizuri na majani ya mgomba, mpaka mchana yamelainika.

Usiku nao una raha yake jamani, hakuna wa kukuita mama mama, unapiga pasi yunifomu, ila umeme ukikatika ndo basi tena. Wenye vichanga msinisikilize, mtoto akilala nawe lala.