Fremu ya picha ya inchi 42, baada ya miezi 14 ukutani

Nimesubiri makusudi kabla ya kuandika. Kazi ya kuhifadhi picha ya zamani huwezi kuijua siku unayoichukua dukani, wakati kila kitu kinang'aa. Sharti joto la kiangazi lipite juu yake, na baada yake miezi ya baridi ambapo hita inakausha hewa ya nyumba mpaka midomo inapasuka. Vyote vimepita, picha imetulia, na sasa naweza kusema.

Picha yenyewe ni panorama, yaani picha moja ndefu sana ya mlalo, ya timu ya besiboli ya wafanyakazi, ya miaka ya 1920, hapa hapa Louisville, Kentucky. Urefu wake ni inchi 42 na kimo inchi 10, yaani mita moja na zaidi ya watu bega kwa bega. Wachezaji wamekaa chini, magongo yao yamepangwa mbele kama kuni. Nyuma yao wamesimama wake zao, wazee na watoto, wamevaa nguo za Jumapili. Wote ni Wamarekani Weusi. Aliyenipa ni mzee jirani yangu, ambaye baba yake ni wa tatu kutoka kushoto. Alipokuwa anafungasha kuhamia makao ya wazee aliniita varandani, akanikabidhi mrija wa kadibodi uliofungwa kamba. "Chukua, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye unayeuliza maswali."

Kweli nilikuwa namuuliza sana, tangu mwanangu aanze kucheza besiboli shuleni. Ni yeye aliyenisimulia jinsi baba yake alivyompeleka uwanja wa Parkway Field mwaka 1946, akiwa mtoto wa miaka saba, kumwona Jackie Robinson, mchezaji Mweusi, akiichezea timu ya Montreal dhidi ya Louisville Colonels, timu ya hapa. Mashabiki Weupe wa hapa walimzomea Robinson kila alipoinua gongo. Montreal ndiyo iliyotwaa ubingwa, na mwaka uliofuata Robinson akaingia na Brooklyn kwenye ligi kuu, iliyokuwa imewafungia Weusi mlango. Mzee akifika hapo hunyamaza kidogo, kisha huendelea na mambo mengine. Kwa hiyo mrija ule niliupokea kwa mikono miwili.

Nilianza vibaya. Nilikwenda kwenye duka la fremu ambalo sitalitaja, kwa sababu lilikuwa karibu na lina maegesho. Jamaa wa pale aliitoa picha kwenye mrija akaikandamiza mezani kwa viganja ili ikae sawa. Nilisikia ta! kama ganda la karanga. Ufa mweupe ukatokea katikati ya picha, juu ya bega la mwanamke mwenye kofia. Kisha akasema fremu alizonazo tayari ni za inchi 40, tukate inchi mbili upande wa kulia kwa sababu "pale kuna watoto tu", na picha aibandike kwenye ubao kwa gundi ya moto. Niliiviringisha tena nikaondoka nayo. Nilikaa kwenye gari muda mrefu kabla ya kuwasha injini.

Duka ninalolisifu leo ni la mama mmoja anayefanya kazi na msaidizi mmoja, kwenye chumba kinachonuka mbao na karatasi. Jambo la kwanza lililonivutia ni kwamba hakuigusa picha. Aliinama, akachungulia ndani ya mrija kwa tochi ndogo, akasema, "Hii haifunguki leo."

Akanieleza sababu. Picha kama hizi zilipigwa kwa kamera iitwayo Cirkut, iliyosajiliwa mwaka 1904. Kamera inazunguka juu ya stendi ya miguu mitatu kwa magurudumu ya meno, na filamu ndani inasogea kinyume nyuma ya mwanya mwembamba, ndiyo maana picha inakuwa ndefu hivyo bila kuungwa. Haikukuzwa, karatasi iliwekwa moja kwa moja juu ya filamu. Picha iko ndani ya utando wa jelatini. Utando huo ukikaa umeviringishwa miaka mingi unakauka na kuwa mgumu, na ukiulazimisha unakatika. Dawa yake ni unyevu wa taratibu. Aliiweka kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko, chini karatasi nene zilizoloweshwa, juu yake wavu, na picha juu ya wavu isiguse maji. Alikuwa akiichungulia kila baada ya muda, kwa sababu unyevu ukizidi na kukaa sana unaleta ukungu. Jioni alinipigia simu niende nikaone. Picha ilikuwa inajifungua yenyewe, polepole, kama jani la mgomba. Baadaye akailaza katikati ya karatasi za kunyonya maji chini ya uzito, ikakaa hapo wiki tatu.

Ilipokuwa imenyooka alinipa kioo cha kukuzia na kuniambia nitazame ncha zote mbili. Kushoto kabisa kuna mvulana wa miaka kama minane, ameshika kofia kifuani, shati limechomekwa. Kulia kabisa, kwenye zile inchi mbili zilizokuwa zikatwe, ni mvulana yule yule! Shati limetoka, mdomo wazi, anahema. Kamera ilipokuwa inazunguka, alikimbia nyuma ya mpiga picha akaiwahi upande wa pili. Watoto wa enzi zile waliujua mchezo huo. Nilitetemeka mikono nilipofikiria kisu cha lile duka la kwanza.

Kwa hiyo fremu ilitengenezwa kwa kipimo cha picha, na hakuna kilichokatwa. Nyuma kuna ubao wa pamba usio na asidi, kwa sababu kadibodi ya kawaida huchoma karatasi mpaka inakuwa ya kahawia. Picha imeshikwa kwa vipande vyembamba vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, gundi ambayo fundi mwingine akitaka kuiondoa miaka hamsini ijayo ataiondoa kwa unyevu kidogo tu. Ule ufa umeshikizwa kwa nyuma. Unaonekana ukiujua, na mama yule alikataa kuupaka rangi nilipomwomba. Sasa nakubaliana naye.

Mbele hakuna kioo. Kuna akriliki, plastiki ngumu inayoangaza kama kioo, aina ya Optium Museum ya kampuni ya Tru Vue, na hiyo ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya dola 780 nilizolipa. Nilisita. Lakini kwa ukubwa huu kioo ni kizito, kikianguka kinavunjika na vipande vyake vinaikata picha. Akriliki ina nusu ya uzito huo. Hii ya Optium inazuia asilimia 99 ya mionzi ya urujuanimno na haivuti vumbi kwa umeme tuli kama akriliki ya kawaida. Karibu hairudishi mwanga, hata usiku taa ikiwa nyuma yangu naziona nyuso, sijioni mwenyewe. Mgeni mmoja alinyoosha kidole akidhani iko wazi. Usiisafishe kwa dawa ya vioo yenye amonia wala kwa karatasi ya jikoni; tumia kitambaa laini.

Akriliki hiyo haiigusi picha. Kuna vijiti vyembamba vilivyofichwa chini ya ukingo wa fremu vinavyoacha nafasi ya robo inchi, na kwangu mimi hiyo robo inchi ndiyo yenye thamani kuliko vyote. Nyumbani Tanga tulikuwa na picha ya harusi ya wazazi wangu iliyowekwa kwenye fremu, kioo kimelala juu yake. Unyevu wa pwani ukaingia miaka yote ile. Siku marehemu baba alipofariki tulitaka kuitoa tuipige nakala, na uso wake ukabaki kwenye kioo. Mama alikishika kile kioo, akakiangalia, akakifunga kwenye kanga. Ningejua wakati ule ninachokijua leo, ningeweka hata kijiti cha kiberiti katikati.

Kuhusu kutundika: fremu ndefu hivi usiitegemee msumari mmoja na waya. Yangu imekaa juu ya mbao mbili zilizokatwa kimshazari zinazopandana, moja ukutani na moja nyuma ya fremu, kwa hiyo haiyumbi mtu akifunga mlango kwa nguvu. Iko ukuta wa ndani, mbali na dirisha na tundu la hita. Kipima unyevu cha bei rahisi kiko kwenye rafu chini yake na najitahidi kisizidi asilimia 50.

Lawama yangu ni moja. Niliambiwa wiki sita, ikawa miezi mitatu na nusu, na mara mbili ilibidi nipige simu mimi. Kama una sherehe na tarehe yake, anza mapema.

Kabla ya kuifunga, mama yule aliskani picha na kunichapia nakala ya ukubwa ule ule. Nilimpelekea mzee kule makaoni, tukaitandaza kitandani kwake, miguu yake ikiwa chini ya blanketi. Nilimwonyesha mvulana wa kushoto na wa kulia. Akasema ni mdogo wake baba yake. Akachukua kioo cha kukuzia, akasogea upande wa kulia, akanionyesha goti la suruali. Kushoto ni zima. Kulia limepasuka.

"Alianguka nyuma ya yule mpiga picha," alisema. "Bibi alimchapa njia nzima kurudi nyumbani."