Yadi ya boti Tudor, Mombasa: nahodha nampa tano kwa tano, maji ya kuoshea injini nayapa sifuri

Nianze na hesabu msije mkaniuliza mwisho. Nimelipa 18,500 kazi ya yadi, 3,000 ya nahodha kwa siku nzima, petroli na oili juu yangu, barafu juu yangu, chambo juu yangu. Jina la yadi sitaji manake nina lalamiko moja kubwa hapo chini na sitaki vita na mtu ambaye bado nataka anitengenezee boti.

Mie mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Majengo, lakini boti nimejifunzia Naivasha. Chekeni mkimaliza niendelee. Kazi ilinipeleka huko miaka sita, nikanunua boti ya faiba futi 16 na mashine ya Yamaha 25 ya mkono wa pili, nikawa kila wikendi niko ziwani na bass na tilapia, adui yako huko ni kiboko tu, ukishamkwepa umefika nyumbani. Mwaka jana mwishoni nikarudishwa Mombasa, boti nikaivuta kwa trela kilomita zaidi ya 500, nimefika nataka kuitia majini siku hiyo hiyo. Binamu yangu ndiye aliyenizuia. Akaniambia boti ya ziwani usiitie chumvi kabla fundi hajaitazama, ndio akanipeleka kwa hawa jamaa.

Kwa upande wa fundi sina neno baya. Kijana mdogo, haongei sana, alifungua kabureta akacheka peke yake. Kumbe Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, hewa nyepesi, na aliyekuwa na ile mashine kabla yangu aliiwekea jeti ndogo, kile kitundu cha kupitishia petroli, na propela ya pichi ndogo, yaani inayosukuma kidogo kila mzunguko, ndio isichoke kule juu. Ukija nayo hivyo hivyo hapa chini, hewa imejaa na petroli inayoingia ni kidogo, mashine inapata moto mpaka pistoni inaliwa, na propela inazunguka kama feni bila kusukuma kitu. Mie miaka yote nilikuwa najua boti yangu ni nzito tu. Akabadilisha jeti, akanitafutia propela ya mtumba, akatia na impela mpya ya pampu ya maji.

Halafu zinki. Vile vipande vinavyofungwa chini ya mashine, kazi yake ni kuliwa na chumvi ili alumini ya mashine isiliwe, na vyangu vilikuwa vinang'aa nusu vipya, nikajiona nimeokoa pesa. Akanikwaruzia kimoja na bisibisi nikaona vimeota ganda gumu la maji ya ziwa, akasema hapo chumvi haitavigusa, itapita iende kula mashine. Akatia vipya akaniambia nikiona vimefika nusu nimpigie. Na trela pia, beringi zikiwa na moto wa barabara usizitumbukize majini, zikipoa ghafla zinafyonza maji ya chumvi ndani, kaa kwanza unywe chai. Petroli nichanganye lita 25 kwa nusu lita ya oili. Haya yote kwa dakika ishirini, na hakuniuzia kitu nisichohitaji. Hapo 18,500 sikuona uchungu.

Karatasi za KMA, wale wa mamlaka ya usafiri wa majini, na za watu wa uvuvi hawakufanyii, hizo nenda mwenyewe, na life jacket za watu wote uwe nazo.

Sasa tarehe ya safari ya kwanza. Kijana wa simu akaniandikia Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, mie nikaona sawa, maana Naivasha Jumamosi ni Jumamosi. Nimefika rampu nyota bado ziko, nakuta nahodha wangu, mzee wa miaka sabini na kitu, amekaa juu ya ndoo, kikoi, kofia, na mfuko wa sandarusi miguuni.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Nani alokwambia uje leo?"

Nikamwambia ni yadi. Akaninyooshea kidole upande wa Changamwe, mwezi umekaa pale mduara kama sahani ya pilau. "Leo kumi na tano. Bamvua. Maji yashaanza kutoka. Saa nne hapa patakuwa tope mpaka kule kwenye mikoko, hiyo boti utaipandisha na nini, na punda?"

Hapa wenye kujua mnanicheka tena. Kwa ambao kama mie boti mmejifunzia bara: bahari yetu siku za bamvua inapanda na kushuka kama mita nne, na hapa Mombasa mwezi ukiwa mpevu au mchanga maji hujaa alfajiri kama saa kumi na kupwa saa nne na kitu asubuhi, kila mwezi hivyo hivyo, hata mtoto wa mvuvi anajua. Maji mafu, yale ya mwezi nusu, ndiyo mazuri kwa mgeni, hayatembei sana na asubuhi unayakuta yamejaa. KPA, wale wa mamlaka ya bandari, wana jedwali la maji ya Kilindini, limeandikwa kila siku na saa yake. Kijana wa booking hakulitazama na mie sikujua kama lipo. Hiyo nyota moja nimeitoa.

Nikamwuliza tuahirishe? Akasema, "Wewe ushaamka, mimi nshaamka, na mahamri yashanunuliwa. Twende. Ila mkeo ajue twarudi saa nane."

Kabla hatujasukuma akapitisha kidole kwenye kizibo cha nyuma, akahesabu life jacket, akavuta nanga yangu, ile ya kukunja niliyonunua Nairobi, akaitazama akaiweka chini pole pole kama mtu anayerudisha zawadi. Akatoa yake kwenye mfuko, nondo nne zimepindwa na kufungwa pamoja, mbaya kuitazama. Baadaye ndio nikaelewa, mwambani nanga ikinasa unavuta kwa nguvu, nondo zinanyooka, inatoka, unazipinda tena na mkono. Yangu ingebaki kule na kamba yake. Na kamba yenyewe aliongeza, yangu ilikuwa ya ziwani, mita ishirini.

Tukashuka na maji. Chini ya daraja la Nyali, majahazi ya bandari ya kale upande wa kulia, Ngomeni bado taa zinawaka, mkondo unakubeba mashine hata haifanyi kazi, nikaanza kujisifu. Nilipofika mlangoni ulimi ukakauka. Maji yanayotoka yanakutana na mawimbi yanayoingia, yanasimama, mafupi mafupi, wima, boti inapanda inaanguka pwaa, inapanda inaanguka. Mie mkono ukaenda kufunga mafuta kabisa. Mzee akaushika mkono wangu pale pale kwenye handeli, hakupiga kelele, akaurudisha kidogo. "Usizime. Ukizima yakugeuza ubavu. Mpe kidogo, omo utazame wimbi kwa pembeni, mwache apande mwenyewe." Omo ndiyo mbele ya boti. Tulikaa vile dakika kumi hivi, mkono wake juu ya wangu. Ule mkono ndio niliolipia 3,000, wallahi mengine yote ni nyongeza.

Tulipotulia kukawa na meli ya kontena inaingia, akaniweka nje ya maboya mpaka ikapita, mie naona iko mbali kumbe baada ya dakika chache imetuziba jua.

Nilitaka tugeuke kaskazini tuvue mbele ya Nyali kwa sababu naona pako karibu. Akakataa katakata. Pale kuna hifadhi ya bahari tangu 1986, ndani ya park ni marufuku kuvua kabisa, watu wa KWS, wale wa wanyamapori, wanapita, na anasema samaki wanaotoka nje ya mpaka ndio wanaomlisha yeye kwa hivyo haoni sababu ya kugombana. Tukaenda kusini kidogo nje ya mwamba.

Mie nina fishfinda ya 45,000, kile kioo cha kuonyesha samaki na kina, nikaiwasha kwa madaha. Mzee hakuitazama. Anatazama nchi kavu, anapanga kitu na kitu, mnara juu ya mti, mnara mwingine na pembe ya jengo, akasema "hapa", akaacha kidogo, "pima kumi na nane." Natazama kioo: mita 33. Nimepiga hesabu kichwani, ni kumi na nane na kidole juu. Hizo alama sitazitaja, ameniapisha.

Uvuvi wenyewe sitarefusha. Tulianza kuburura rapala, chambo cha bandia, pembezoni mwa mwamba, akaja kolekole mmoja wa kama kilo tano, alinivuta mpaka nikakaa chini. Halafu mshipi wa mkono na ngisi, chubwi mpaka chini. Mzee amejivika vipande vya tyubu ya baiskeli kwenye vidole viwili, nailoni inapita juu ya mpira isimkate, mie bila mpira nilikuwa na alama nyekundu kwa saa moja. Changu tisa, tewa mmoja, na bunju aliyejijaza upepo ambaye mzee alimtoa ndoana na koleo akamrudisha bila hata kumtazama, na nyinyi mrudisheni, sumu yake haina dawa. Saa nne upepo wa kaskazi ukaanza kuamka, akakunja mshipi. Mie nilitaka nusu saa zaidi. Hakunijibu, alikuwa ashaanza kuvuta nanga.

Tumerudi Tudor saa tano na kitu na kweli, rampu iko kule juu, kati yetu na yenyewe ni tope nyeusi hatua hamsini na kaa wanatembea. Tukatia nanga kwenye maji yaliyobaki, tukakaa. Muda wa saa mbili na nusu. Jua la mwezi wa pili. Barafu yangu ilikuwa mfuko mmoja na tayari ilikuwa nusu maji, mzee akawatumbua samaki wote, akawafunika na kikoi kilichoroweshwa, kolekole akawekwa chini kabisa kwenye barafu iliyobaki. Kwa mara ya kwanza nikajua kwa nini kila mashua inayopita ina turubai. Ila humo ndimo nilimojifunza zaidi, alinifunza fundo tatu mpaka nikazifunga macho nimefumba, akanieleza kuhesabu maji kwa mwezi bila simu, akanilisha mahamri yaliyobaki na mbaazi zilizopoa. Nilipomwuliza mbona hakukataa safari tangu asubuhi, akasema angekataa ningekuja Jumamosi nyingine peke yangu. Ni kweli, ningekuja.

Maji yakatupandisha saa saba u nusu. Na hapa ndipo lalamiko.

Kwenye ile 18,500 kumeandikwa "kuosha injini na boti kwa maji matamu baada ya safari ya kwanza". Akaja kijana na mpira, akavika vile vikombe viwili vya mpira kwenye mashine, akafungulia, mashine inanguruma, maji yanatoka, kila mtu anafurahi. Mzee amekaa kwenye ndoo yake anatazama tu. Halafu akaniambia taratibu, "Onja." Nikachota kwenye kiganja. Chumvi! Si kama ya bahari lakini chumvi, ya kisima. Nyinyi wa Mombasa mnajua visima vyetu, chai ukipika nayo unaitema, sasa hiyo ndiyo inaoshea mashine iliyotoka baharini, na mteja ametozwa pesa ya maji matamu. Nikamwuliza kijana, akasema mfereji una wiki mbili haujatoa tone. Sawa, shida ya maji tunaijua sote, hakuna mtu angemlaumu, lakini si useme? Niambie leo hakuna maji matamu, ninunue. Meneja nilipompigia akaniambia "ni yale yale tu bana, wateja wote tunawaoshea hivyo." Kwa hivyo wateja wote mkiosha hapo jueni.

Mzee akampigia mluzi mtu wa mkokoteni aliyekuwa anapita barabarani, nikanunua mitungi sita, tukaikata drum nusu, tukaishusha mashine ndani ikanguruma dakika kumi, iliyobaki tukamwagia trela na reli na kila skurubu. Pesa hiyo nimeidai yadi. Mpaka naandika hawajarudisha, wamesema watanikatia kwenye sevisi ijayo.

Mzee alichukua changu watatu wa kitoweo na zile 3,000 zake, kolekole akasema mpelekee mama yako.

Kwa jumla tatu na nusu kwa tano. Fundi nendeni kwake bila wasiwasi, mwambieni boti imetoka wapi kabla hajafungua kitu. Nahodha mkatae mwingine, mtaje kuwa mwataka yule mzee wa ndoo, na tarehe chagueni nyinyi si wao. Mie nimeshaweka tena, Jumapili ya maji mafu, saa kumi na mbili, na turubai nimeshonesha. Mitungi ya maji matamu iko nyuma ya gari tangu jana.