Upinde wa kwanza: ubao wa Gikomba au ufito mbichi?

Unataka kuchonga upinde wako wa kwanza wa mishale? Kwa bei, ufito unashinda: ukiwa na jamaa mwenye shamba Machakos, unahitaji panga na ruhusa tu. (Msitu wa Karura usijaribu, umehifadhiwa.) Ubao wa mti mgumu pale soko la Gikomba, Nairobi, ni pesa, lakini ukichagua uliokauka, Jumamosi moja na randa inatosha kupata umbo. Ufito mnene kama kifundo cha mkono hukaa kivulini miezi kadhaa, ncha zimepakwa gundi zisipasuke.

Hatari iko kwenye nyuzi za mti. Kwenye ubao, zifuate kwa kidole kutoka ncha hadi ncha. Zikikimbilia pembeni, urudishe. Mimi nilipuuza mstari mmoja uliokwenda mshazari, na upinde ukakatika nikiuvuta mara ya tatu, paa! Ufito una mgongo wake wa asili (upande unaotazama shabaha): bandua gome, mgongo usiuguse kwa kisu, chonga upande wa tumbo (unaokutazama wewe) pekee. Ila vifundo vyake vitakutesa.

Utunzaji ni uleule: paka mafuta, legeza upote (kamba ya upinde) ukimaliza kulenga.

Unaishi ghorofani Umoja? Chukua ubao. Una shamba na subira? Kata fito mbili, moja ya kuharibu.