Studio ya Mwanga, Kigoma: wanachapa vizuri, ila zuia kurembesha

Studio hii ya barabara ya Ujiji imezoea paspoti saizi na harusi. Safari hii ilipewa picha tatu za zamani za Mfereji wa Delaware and Hudson, njia ya boti iliyofunguliwa Marekani 1828 kushusha anthrasaiti, makaa ya mawe magumu, kutoka Honesdale, Pennsylvania, hadi mto Hudson. Faili zenyewe ni za maktaba za Marekani, hupakuliwa bure.

Kaunta watakwambia utume WhatsApp. Usikubali. Ikitumwa kama picha inabanwa, na kamba ya nyumbu (chotara wa punda na farasi) aliyevuta boti, nyembamba kama uzi juu ya maji, inapotea kabisa. Peleka TIFF, faili la picha lisilopunguza ubora, kwenye flashi, au itume kama dokumenti. Kwa sentimita 20 kwa 30, pikseli 2,400 kwa 3,600 zinatosha.

Balaa iko kwenye kompyuta yao. Chapa ya kwanza ilitoka imeondolewa ukahawia wote, rundo la makaa limekuwa doa jeusi, na mbingu imepakwa mawingu. Mbingu nyeupe si kasoro: kioo cha kolodioni, yaani kioo kilichopakwa dawa na kutumika zamani kama filamu, kilishika mno mwanga wa buluu, kwa hiyo anga liliungua. Kioo hicho kilimwagiwa dawa, kikachovywa kwenye nitreti ya fedha, kikapigiwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka, yote ndani ya dakika chache, hemani kando ya mfereji. Kupiga kulichukua sekunde kadhaa, ndiyo maana boti iliyosimama kwenye lango la maji hutoka kali, na nyumbu aliyetikisa kichwa hutoka hana kichwa. Programu yao ilimchorea kipya. Cha punda!

Mwambie fundi azime marekebisho yote ya otomatiki. Baada ya hapo kazi ilikuja safi: misumari ya ubao wa boti inahesabika. Chukua karatasi isiyong'aa. Lamineti achana nayo. Fremu zao ni imara, lakini kioo kinagusa picha, na masika unyevu utaigandisha hapo. Dai ukingo wa kadibodi katikati.

Bei ni ya kawaida ya mjini, siku mbili unachukua.

Picha ya tatu ilikuwa kadi ya stereo, yenye picha mbili karibu sawa, kila jicho na yake, ili mandhari ionekane kwa kina. Walikata moja wakidhani ni nakala iliyojirudia. Andika juu ya bahasha, kwa kalamu nene: USIKATE.