Kununua kisibiti: kipi kishike nafasi ya kwanza, kipi kibaki rafuni

Anayenunua kisibiti, kiungo cha punje ndogo zenye harufu, ananunua mafuta. Ganda na nyuzinyuzi ni chombo tu. Punje nzuri huwa na mafuta ya harufu kati ya asilimia 3 na 7 ya uzito wake, nayo yamefungiwa ndani ya mifereji 6 myembamba inayopita kwa urefu chini ya ganda. Mifereji ikiwa mizima, harufu hudumu miaka. Ikishapasuka, mafuta huanza kuruka hewani siku hiyohiyo. Ndiyo maana orodha hii imepangwa kwa kigezo kimoja: ni kiasi gani cha mafuta hayo kitafika kwenye sufuria.

Mafuta yenyewe ni vitu viwili hasa. Kavoni, ambayo kwa kawaida ni asilimia 50 hadi 65, ndiyo harufu ya kisibiti tunayoijua: ya joto, nzito, yenye uchungu kidogo. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni limonini, ileile iliyomo kwenye maganda ya machungwa. Mmea hutengeneza limonini kwanza, kisha huigeuza kuwa kavoni kadiri punje inavyokomaa. Kisibiti kilichovunwa kichanga basi hunukia ukali wa ganda la chungwa bila uzito nyuma yake.

Kabla ya kuchagua daraja, hakikisha ni kisibiti kweli. Vibandiko huchanganya kisibiti (Carum carvi) na bizari nyembamba mara nyingi mno, kwa kuwa mimea yote miwili ni ya ukoo wa karoti na shamari. Punje ya kisibiti ina milimita 3 hadi 6, imepinda, imechongoka ncha zote mbili, ni ya kahawia iliyokolea na ina mistari 5 myeupe iliyoinuka. Bizari nyembamba imenyooka zaidi, ina rangi ya majani makavu, na ukiitazama kwa karibu utaona vinyweleo. Jira nyeusi (Elwendia persica) ni mmea mwingine tena, wenye punje nyembamba na nyeusi zaidi. Soma jina la kisayansi. Jina la biashara halitoshi.

Nafasi ya kwanza: punje nzima za aina ya miaka miwili

Mmea huu huota mwaka wa kwanza, hupita kwenye baridi, kisha hutoa maua na punje mwaka wa pili. Hulimwa zaidi kaskazini mwa Ulaya; Uholanzi ilikuwa na sifa hiyo zamani, na leo Finland ni miongoni mwa wauzaji wakubwa. Kwa kawaida una mafuta mengi kuliko aina ya mwaka mmoja. Pakiti haitaji aina kila mara, lakini ikitaja kiwango cha mafuta, tafuta asilimia 3 kwenda juu. Hicho ndicho kiwango cha chini kinachodaiwa na famakopia ya Ulaya (kitabu rasmi cha viwango vya dawa) kwa kisibiti cha dawa, nacho ni kipimo kizuri kwa jikoni pia.

Dukani, fanya majaribio matatu. Vunja punje kwa kucha: ikatike kwa mlio, isijikunje, kwani inayojikunja ina unyevu na itaota ukungu. Isugue kwenye kiganja na uinuse. Harufu itoke papo hapo. Kisha itafune moja. Ladha inatakiwa kuja ndani ya sekunde chache na kuacha joto ulimini. Ikikupa ladha ya nyasi kavu tu, huenda mafuta yake yameshakamuliwa kwa mvuke na makapi yakakaushwa upya na kuuzwa. Punje za namna hiyo huwa nyeusi kuliko kawaida, zimekunjamana, na nyingi zimepasuka. Udanganyifu huu ni wa zamani na bado una faida, kwa hiyo usione haya kutafuna kabla ya kulipa.

Nafasi ya pili: punje nzima za aina ya mwaka mmoja

Hizi hupandwa na kuvunwa ndani ya msimu mmoja, na Misri huzilima kwa wingi. Mafuta yake mara nyingi ni asilimia 2 hadi 3. Si mbaya hata kidogo: kwenye jibini laini, saladi ya kabichi au biskuti, upole wake ni faida. Kwa mkate mzito, ongeza theluthi moja ya kipimo.

Punje nzima, za aina yoyote kati ya hizi mbili, zitumike hivi. Kavoni haipendi maji, inapenda mafuta ya kupikia. Zitupe kwenye mafuta ya moto wa wastani kwa sekunde 30 kabla ya kuweka kitu cha majimaji. Kijiko kimoja cha chai (gramu 2 hivi) kinatosha kilo moja ya nyama ya mchuzi. Kwa mkate wa rai (nafaka ya jamii ya ngano), weka gramu 5 hadi 8 kwa kila gramu 500 za unga, nusu zikiwa zimetwangwa. Zichanganye ndani ya kinyunga, maana zinazobandikwa juu huungua na kuwa chungu. Kwa kabichi ya kuchachusha, kilo moja ya kabichi, gramu 20 za chumvi na kijiko kimoja cha chai cha punje nzima. Zilizosagwa huchafua maji yake. Ukizikatakata kwa kisu, zidondoshee mafuta kidogo kwanza zisirukeruke.

Kukaanga bila mafuta kunahitaji uangalifu. Limonini huchemka kwenye nyuzijoto 176 na kavoni kwenye 231, hivyo wepesi wa harufu hutoroka mapema. Dakika moja kwa moto mdogo inatosha. Baada ya mbili, kinachobaki ni uchungu.

Nafasi ya tatu: mafuta ya kisibiti

Yamepita unga kwa sababu hufungwa vizuri, ila ni kwa watengeneza peremende, soseji na vinywaji zaidi kuliko mpishi wa nyumbani. Punje zenye asilimia 4 hutoa takriban tone moja kwa kila gramu, kwa hiyo tone moja ni sawa na nusu kijiko cha chai. Lichanganye na sukari au siagi kwanza. Kwenye maji litaelea na kumchoma mtu mmoja ulimi huku wengine wakikosa.

Ghushi hapa ni ya kikemia. Mnanaa nao una kavoni, lakini molekuli zake na za kisibiti zimegeuziana kama mkono wa kulia na wa kushoto, na pua hutofautisha. Kwenye kipimo cha maabara, mafuta halisi huzungusha mwanga uliochujwa utikisike upande mmoja kwa nyuzi +65 hadi +81. Muuzaji makini anaweza kukuonyesha cheti chenye namba hiyo. Ukinusa ubaridi wa mnanaa, rudisha chupa. Yasinywewe yakiwa matupu, yasipakwe bila kuzimuliwa, na watoto wachanga wasipewe.

Nafasi ya nne: unga

Mifereji yote imeshapasuka, na makapi yaliyosagwa hayatambuliki kwa macho. Nunua tu kwa mchanganyiko unaohitaji ulaini, kama harisa (rojo ya pilipili) ya Tunisia, tena pakiti ndogo yenye tarehe ya kusagwa. Jaribio: robo kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya moto, funika dakika mbili, nusa. Mvuke usio na harufu ni jibu tosha. Afadhali usage mwenyewe kwa mashine ndogo, ukiizungusha kwa vipindi vifupi isipate joto.

Zilizokaangwa kiwandani ziache. Umelipia harufu iliyobaki kiwandani.

Nyumbani, chupa ya kioo iliyofungwa, mbali na jiko na dirisha, hutunza punje nzima miaka miwili hadi mitatu. Unga umalizwe ndani ya miezi 6. Mafuta yakifika nusu chupa, yahamishie kwenye chupa ndogo, kwa sababu limonini hushika oksijeni na kuanza kuwasha ngozi.