Bolti mpya za hedi za Hilux 3L: nimenunua Nyakato, nimefunga mwenyewe nyumbani

Pikapu yangu ni Hilux ya dizeli, injini ya 3L. Alfajiri inapeleka barafu Kayenze, mchana inarudi mjini Mwanza na sato. Mwaka jana ilianza kuchemsha nikaipeleka gereji moja. Wakaweka gasketi mpya ya hedi, yaani kizibo kinachokaa kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wa injini), ila wakarudishia bolti zilezile za kubana hedi. Wiki saba tu, ikaanza tena: maji yanapungua kwenye rejeta, na hozi ya juu inakakamaa dakika chache baada ya kuwasha. Siku ilipozima kabisa njiani nilikuwa na mzigo wa watu. Barafu iliyeyuka, samaki wakaharibika, nikalipa. Iliniuma sana.

Safari hii nikasema hedi inafunguliwa uani kwangu Igoma, mimi na mpwa wangu aliyesomea ufundi VETA.

Bolti nilizipata duka la spea upande wa Nyakato, barabara ya Musoma. Seti ni bolti 18, shilingi 145,000. Kuna mahali niliambiwa za mtumba kwa 40,000, na nusura nizichukue. Yule kijana wa dukani kabla ya kupokea hela akaniuliza, "Mzee, umekuja na moja ya zamani?" Ninayo mfukoni. Akailaza ubavuni mwa mpya juu ya kioo cha kaunta, nyuzi zikitazamana. Nyuzi za mwanzo ziliingiliana vizuri, lakini kadiri unavyosogea zikawa zinapishana, mpaka mwisho uzi umekaa juu ya uzi. Akaleta venia, kile kifaa cha kupimia unene, akapima: ya zamani ilikuwa imeingia kiuno, yaani imekonda katikati. Bolti hizi hukazwa mpaka zivutike kidogo, na ule mvutano wa kutaka kurudi ndio unaobana hedi. Ikishavutika kupita kiasi hairudi, hata uikaze kwa bomba la mita mbili. Kumbe gasketi yangu ya kwanza haikuwa na kosa.

Kasoro ya seti hii ni moja, nayo si ndogo: ndani ya boksi hakuna karatasi ya maelekezo. Asiye na fundi anayejua vipimo atakaza kwa nguvu za mkono, na hela yake itapotea. Kwa 3L ni hivi: unaanzia bolti za katikati ukitoka nje, awamu kwa awamu, mpaka zote zifike niutoni mita 78 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Kisha kila moja unaizungusha digrii 90, yaani robo mzunguko, halafu 90 nyingine. Spana ya toki, inayopima nguvu hiyo, tulikodi 10,000 kwa siku. Kuhesabu zile robo mzunguko, mpwa wangu aliomba rangi ya kucha kwa mke wangu, akatia nukta nyekundu mbele ya kila kichwa cha bolti. Robo ya kwanza, nukta zote 18 zikaangalia ubavuni. Ya pili, zikaangalia nyuma. Ila moja ilibaki imechelewa kidogo, tukaiona palepale. Bila rangi ile isingeonekana kamwe.

Matundu ya bloku tuliyasafisha kwa kitambaa na upepo wa kompresa, kwa sababu maji au oili ikibaki chini, bolti ikishuka inaweza kupasua bloku. Bolti zenyewe tulizipaka oili kidogo tu, kwenye nyuzi na chini ya kichwa. Hedi ilishakaguliwa kwa mafundi wa mashine, ikasawazishwa. Gasketi nayo ina unene tofauti kulingana na pistoni zinavyochomoza juu ya bloku, kwa hiyo pima kwanza ndipo ununue. Sisi tulirudi dukani mara mbili kwa hilo, na wakatubadilishia bila maneno.

Sasa ni mwezi wa nne tangu tufunge. Naenda Kayenze kila siku isipokuwa Jumapili, na rejeta sijaiongeza maji. Asubuhi nikiibonyeza ile hozi inalegea mkononi kama inavyotakiwa.

Zile bolti za zamani nimezikata katikati kwa msumeno wa chuma, zote 18, ndipo nikamuuzia mtu wa chuma chakavu. Dukani, nilipopita Jumamosi, walikuwa wamebakiwa na boksi mbili.