Wakili wa kesi za bima hapa Arusha, mimi nampa nyota tano

Wadau naandika hii maana kila siku nasikia mfanyabiashara analia bima wamemkatalia, halafu wakili aliyemshika ni wa mirathi na talaka. Kesi za bima zina wenyewe jamani.

Sisi stoo yetu ya magodoro Unga Limited iliungua, bima ya moto tunayo, kampuni ikatuletea barua kwamba hawalipi eti mitungi ya kuzimia moto haikufanyiwa sevisi kama mkataba unavyotaka. Bro akaelekezwa kwa huyu mama, ofisi iko jirani na Mnara wa Saa, amewatetea makampuni ya bima miaka mingi kabla ya kuja upande wa wateja na hapo ndo utamu ulipo, anajua wanavyowaza. Kabla hata hajasikia stori aliuliza jina la kampuni, akasema ngoja nicheki kama sijawahi kuwashikia kesi hao, kama nimewashikia nitawapeleka kwa mwenzangu.

Akasoma mkataba mpaka yale maandishi madogo ya nyuma, akachukua ripoti ya adjasta (yule anayetumwa kukadiria hasara) na risiti zetu za EFD akawa anatiki kwa penseli mstari kwa mstari. Mitungi iliyopona akaomba aone vile vikadi vinavyofungwa shingoni, tarehe ya sevisi ipo na muhuri upo, hoja yao ikafia hapo. Ila siku hiyo hiyo akatupa na ukweli mchungu: bima mlikata ya milioni 300, tangu hapo bei zimepanda na mzigo siku ya moto ulikuwa wa milioni 400, yaani mlikatia bima robo tatu tu ya mzigo, kwa hiyo hasara ya 200 hata mkishinda mtalipwa robo tatu, tegemeeni 150. Bro alinuna sana. Mimi nilimheshimu, maana wakili mwingine tuliyemwona kabla alituahidi zote 200 bila hata kufungua mkataba.

Kesi ikafunguliwa Mahakama Kuu Divisheni ya Biashara, masjala ipo hapa hapa Arusha so hakuna habari ya kupanda basi kwenda Dar. Haikufika kusikilizwa, iliishia kwenye usuluhishi wa mahakama, tukamaliza karibu kabisa na ile 150 aliyoitaja.

Bei yake si chee, ila ada yote mnaandikishana mwanzoni na risiti unapewa. Siku za mahakamani simu hapokei, anakujibu jioni, wenye presha mjiandae. Na akiona dai lako dogo hakuburuzi mahakamani, dada yangu mwenye saluni alimwelekeza kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima na hakumchaji hata mia.

Mkienda bebeni mkataba wenyewe na viambatisho vyake vyote pamoja na barua ya kukataliwa, kavanoti (kile cheti kifupi cha bima) peke yake atawarudisha nyumbani mkalete vingine.